Kutafsiri Kimya: Sinema ya Ingmar Bergman na Swali Lake kwa Uhakiki wa Filamu kwa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza kazi ya mwongozaji filamu wa Uswidi, Ingmar Bergman (1918–2007), kwa jicho la isimu. Wahakiki wengi waliomwandikia Bergman wamemtazama kama mwanafalsafa wa imani na mashaka, au kama msanii wa taswira. Sisi tutamtazama kama mtu aliyefanya utafiti wa muda mrefu kuhusu jambo moja la lugha, yaani nini hutokea pale ambapo zamu ya kusema imefika na anayetarajiwa kusema hasemi. Dai letu ni kwamba kimya katika filamu zake ni kipashio cha maana chenye mahali pake maalumu katika mfuatano wa mazungumzo, na kwamba mfasiri asiyekitambua atatafsiri maneno yote bila kosa na bado ataipoteza filamu.

Swali hili si la anasa kwetu. Sehemu kubwa ya filamu za kigeni zilizowafikia watazamaji wa kawaida wa Tanzania zimepitia kwenye kinywa cha mfasiri wa kibanda cha video. Desturi hiyo ina nguvu za pekee katika mkoa wa Kagera, unaopakana na Uganda, nchi ambako ufasiri wa filamu kwa sauti umestawi sana. Kwa hiyo tutaanza kwa kueleza kwa muhtasari maisha na kazi ya Bergman, kisha tutaonyesha uhusiano wa kihistoria kati ya mazingira yaliyomlea na Buhaya, tutachambua majina ya filamu zake, tutajadili kimya chenyewe, na mwisho tutarudi kwenye kibanda cha video.

2.0 Maisha na Kazi ya Bergman

Ernst Ingmar Bergman alizaliwa Uppsala tarehe 14 Julai 1918. Baba yake, Erik Bergman, alikuwa mchungaji wa Kanisa la Kilutheri la Uswidi, aliyetumikia mjini Stockholm na hatimaye akawa kasisi wa familia ya kifalme. Mtoto huyu alikulia basi katika nyumba ya ibada, ya kanuni na ya adhabu, na mengi ya hayo aliyasimulia mwenyewe katika tawasifu yake, Laterna magica, iliyotoka mwaka 1987. Jina la kitabu hicho linatokana na taa ya kurushia picha ukutani, chombo kilichomvutia tangu utotoni.

Ni muhimu kukumbuka kwamba Bergman alikuwa mtu wa tamthilia kabla ya kuwa mtu wa filamu, na hakuuacha ukumbi wa tamthilia hadi uzeeni. Mwaka 1944 alipewa uongozi wa ukumbi wa tamthilia wa mji wa Helsingborg. Baadaye alifanya kazi Gothenburg na Malmö, na kati ya 1963 na 1966 aliongoza Ukumbi wa Kifalme wa Tamthilia mjini Stockholm. Katika uhai wake aliongoza maonyesho ya jukwaani zaidi ya 170, na filamu zaidi ya 60 zikihesabiwa pamoja zile za sinema, za televisheni na za kumbukumbu.

Mswada wake wa kwanza wa filamu, Hets, uliongozwa na Alf Sjöberg mwaka 1944, na filamu ya kwanza aliyoiongoza mwenyewe, Kris, ilitoka mwaka 1946. Sifa za kimataifa zilimjia kwa Sommarnattens leende (1955), kisha kwa Det sjunde inseglet na Smultronstället, zote mbili za mwaka 1957. Filamu zake tatu zilipata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni: Jungfrukällan (1960), Såsom i en spegel (1961) na Fanny och Alexander (1982). Alifanya kazi na kundi lilelile la wasanii kwa miongo kadhaa, wakiwemo waigizaji Max von Sydow, Ingrid Thulin, Bibi Andersson, Harriet Andersson, Liv Ullmann na Erland Josephson, na wapiga picha Gunnar Fischer na Sven Nykvist.

Mwaka 1976 polisi walimkamata akiwa katika mazoezi ya tamthilia, kwa tuhuma za kodi. Tuhuma hizo zilifutwa, lakini jambo hilo lilimvunja moyo akahamia Munich, Ujerumani, ambako aliishi miaka kadhaa. Filamu yake ya mwisho, Saraband, ilionyeshwa kwenye televisheni mwaka 2003. Alifariki tarehe 30 Julai 2007 katika kisiwa cha Fårö, mahali alipokuwa amepiga baadhi ya filamu zake muhimu. Mwaka huohuo kumbukumbu za maandishi yake ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia.

3.0 Kanisa Moja, Sauti Mbili

Msomaji anaweza kuuliza: Bergman na Kagera wapi na wapi? Jibu lipo katika historia ya Kanisa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wamisionari wa Kijerumani walipoondolewa Tanganyika, Wamisionari wa Uswidi walishika sehemu ya kazi yao huko Buhaya. Miongoni mwao alikuwa Bengt Sundkler, mwanahistoria wa Kanisa, aliyefanya kazi Bukoba kati ya 1942 na 1945. Sundkler alirudi kuwa askofu kati ya 1961 na 1964, akapokewa na Josiah Kibira, Mhaya, aliyekuja kuwa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani mwaka 1977. Kitabu cha Sundkler, Bara Bukoba, kilichotoka kwa Kiswidi mwaka 1974, kingali rejea muhimu kwa yeyote anayechunguza Ukristo wa mkoa huu.

Tuzitazame tarehe hizo kwa makini. Mwaka 1963, Sundkler akiwa askofu Bukoba, makanisa saba ya Kilutheri ya Tanganyika yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri. Katika mwaka huohuo Bergman, mtoto wa mchungaji wa Kanisa lilelile lililomtuma Sundkler, alitoa filamu mbili: Nattvardsgästerna, kuhusu mchungaji ambaye amepoteza imani lakini anaendelea na ibada, na Tystnaden, ambayo jina lake maana yake ni kimya. Kanisa moja lilikuwa likisema huku na likijiuliza kule. Huku makanisa yalijaa na vuguvugu la Uamsho, lililoingia Bukoba tangu mwishoni mwa miaka ya 1930, lilikuwa limewazoesha waumini kusimama na kutoa ushuhuda hadharani. Kule, katika filamu, mchungaji Tomas Ericsson anaendesha ibada mbele ya viti vitupu.

Tofauti hiyo isitufanye tudhani kwamba swali la Bergman ni la Wazungu peke yao. Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walikotambuliwa, mwaka 1983. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa njiani kuelekea Mwanza, na zaidi ya watu 800 wakapoteza maisha. Jamii iliyopitia hayo inajua vizuri kwamba kuna saa ambapo mwenye jukumu la kusema, awe mchungaji, shehe au mzee wa ukoo, husimama mbele ya watu akakosa neno.

4.0 Majina ya Filamu na Hatari ya Njia ya Mkato

Kwa kawaida filamu za lugha nyingine za Ulaya hutufikia kupitia Kiingereza. Majina ya filamu za Bergman ni ushahidi mzuri wa hasara ya njia hiyo. Tuchukue mifano minne.

Kwanza, Nattvardsgästerna. Neno nattvard limeundwa kwa natt, yaani usiku, na vard, neno la kale la mlo. Ni karamu ya usiku ule, yaani Chakula cha Bwana. Gäster ni wageni. Jina la Kiingereza halina chakula, halina wageni wala halina Bwana, bali linazungumzia mwanga wa majira ya baridi. Mkiristo wa Bukoba angelipata jina la Kiswidi moja kwa moja: Wageni wa Meza ya Bwana. Kiswahili cha Kanisa, kilichozoea kuwaita washirika mezani, kinaikaribia lugha ya asili kuliko Kiingereza. Tena jina hilo linabeba kejeli ya filamu yote: wageni wamealikwa, meza imeandaliwa, lakini haijulikani kama mwenyeji yupo.

Pili, Såsom i en spegel. Jina limetoka katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 13, na maana yake ni kama katika kioo cha kujitazamia. Kiingereza, kwa kufuata Biblia yake ya zamani, kinatumia neno ambalo msikilizaji wa leo hulielewa kuwa kioo cha dirishani, kitu cha kuona kupitia kwacho. Neno letu kioo hubeba maana zote mbili, cha kujitazamia na cha dirishani. Mfasiri wa Kiswahili hana haja ya kuchagua, na lugha yenyewe inamhifadhia utata ambao filamu inauhitaji.

Tatu, Smultronstället. Hapa smultron ni aina ya tunda dogo la porini na ställe ni mahali. Kwa Waswidi neno hili pia humaanisha mahali pa siri mtu anapopapenda. Kiingereza kilibakiza matunda kikaacha mahali. Kiswahili kina kiambishi cha mahali -ni na ngeli nzima za pa-, ku- na mu-. Jina kama Kule Kwenye Matunda ya Porini linaweza kulaumiwa kwa urefu, lakini linatunza kile ambacho mzee Isak Borg anakirudia katika ndoto zake, yaani mahali.

Nne, Det sjunde inseglet, Muhuri wa Saba. Jina hili halina tatizo, ila linatukumbusha kwamba filamu imejengwa juu ya aya ya kwanza ya sura ya nane ya Ufunuo, ambapo muhuri wa saba unafunguliwa na mbingu zinanyamaza kwa muda wa kama nusu saa. Filamu iliyompatia Bergman jina duniani inaanza, basi, kwa taarifa ya kimya.

5.0 Kimya kama Kipashio

5.1 Kimya na ukimya

Kiswahili kina maneno mawili ambayo mara nyingi huchukuliwa kuwa sawa. Ukimya, katika ngeli ya U-, hutaja sifa au hali: ukimya wa msitu, ukimya wa tabia ya mtu. Kimya ni neno lenye matumizi mapana zaidi. Ni nomino inayohesabiwa kwa wingi na uchache, kama katika methali isemayo kimya kingi kina mshindo mkuu. Tena ni kielezi: alikaa kimya, alinyamaza kimya. Zaidi ya hayo hutumika kuhusu mtu asiyewasiliana. Tunapokutana na ndugu ambaye hajaleta habari kwa muda tunamwuliza: mbona kimya? Swali hilo halihusu sauti. Huenda ndugu huyo amekuwa akipiga kelele mchana kutwa huko aliko. Tunachomwuliza ni kwa nini uhusiano wetu haukupata zamu yake.

Hapa ndipo Kiswahili kinapotoa ufunguo wa sinema ya Bergman. Askari Antonius Block katika Muhuri wa Saba, anayerudi kutoka vita vya msalaba na kucheza sataranji na Mauti, hamtafuti Mungu kama mwanafalsafa anayetafuta hoja. Anamwuliza kama mtu anavyomwuliza ndugu: mbona kimya? Tystnaden, kwa hiyo, itafsiriwe Kimya, wala si Ukimya.

Katika mazungumzo yetu kuna jozi za usemi zinazodai ukamilifu. Shikamoo hudai marahaba. Mkubwa asipoitikia, mdogo hahesabu kwamba hakuna kilichosemwa; anajua kwamba kimesemwa kitu kizito. Kimya cha namna hiyo kina mahali (baada ya shikamoo), kina msemaji (aliyesalimiwa) na kina maana. Hivyo ndivyo vigezo tunavyovitumia katika isimu kutambua kipashio.

5.2 Tystnaden: lugha isiyojulikana

Katika filamu hii dada wawili, Ester na Anna, pamoja na Johan, mtoto wa Anna, wanakwama katika hoteli ya mji wa nchi ya kigeni. Ester ni mgonjwa, na kazi yake ni kutafsiri vitabu. Lugha ya mji huo, Timoka, imebuniwa. Mfasiri anajikuta mahali ambapo utaalamu wake haumsaidii. Anayemhudumia ni mzee wa hotelini wasiyeelewana kwa lugha, na Ester anajifunza kwake maneno machache. Anajifunza neno la mkono, kasi, na neno la uso, naigo. Mtu anayejua Kiestonia atayatambua, kwa kuwa yanafanana na maneno ya lugha hiyo, lugha ya Käbi Laretei, mke wa Bergman wakati huo. Neno moja tu halihitaji tafsiri kati yao, nalo ni muziki, wanaposikia kazi ya Johann Sebastian Bach redioni.

Kabla ya kuachana, Ester anamwachia Johan karatasi yenye maneno ya lugha ile ngeni. Filamu inaishia mtoto akiisoma ndani ya treni. Kwa mwanaisimu huu ni mwisho wenye uzito: urithi ambao mfasiri anayekufa anaona unafaa kumwachia mtoto ni orodha fupi ya msamiati. Filamu nzima ina mazungumzo machache sana, na kila neno linalojulikana linasikika kama limechimbuliwa.

5.3 Persona: uso wa msikilizaji

Katika Persona (1966) mwigizaji Elisabet Vogler ananyamaza katikati ya onyesho la Elektra, kisha anaacha kabisa kusema. Muuguzi Alma anatumwa kumtunza katika nyumba kando ya bahari. Kwa kuwa mmoja hasemi, mwingine anasema kwa niaba ya wote wawili, hadi asijue tena maneno ni ya nani. Kuna sehemu ambapo Alma anatoa maelezo marefu kuhusu Elisabet na mwanawe. Maelezo hayo yanarudiwa mara mbili, neno kwa neno. Mara ya kwanza kamera inautazama uso wa Elisabet anayesikiliza. Mara ya pili inautazama uso wa Alma anayesema. Maneno ni yaleyale, lakini usemi si uleule. Sijui kama kuna jaribio jingine katika sanaa linaloonyesha kwa uwazi zaidi kwamba maana ya usemi hukaa kwa msikilizaji pia.

5.4 Barua na mvuvi

Katika Wageni wa Meza ya Bwana, mwalimu Märta anamwandikia Tomas barua ndefu. Badala ya kumwonyesha Tomas akiisoma, Bergman anamweka Ingrid Thulin mbele ya kamera, anasema barua yote kwa dakika kadhaa huku akitutazama. Watazamaji wa Kagera wana jina la tanzu hii: ni ushuhuda. Tofauti ni kwamba ushuhuda wa Uamsho hujibiwa na mkutano kwa wimbo, na ushuhuda wa Märta haujibiwi.

Ndani ya filamu hiyohiyo mvuvi Jonas Persson anakuja kwa mchungaji akiwa na hofu ya silaha za nyuklia za China. Mchungaji, badala ya kumsikiliza, anaeleza mashaka yake mwenyewe. Mvuvi anaondoka na kujiua. Kosa la Tomas ni la kiisimu kabla ya kuwa la kiteolojia. Zamu ilikuwa ya mvuvi, na mchungaji aliichukua. Alipohitajika kunyamaza, alisema.

6.0 Kibanda cha Video na Mfasiri

Sasa tufikirie filamu hii ikionyeshwa katika kibanda cha video kwenye mwalo kama wa Rubafu, kando ya Ziwa Viktoria, mbele ya wavuvi. Mfasiri ameshika kipaza sauti. Ufasiri wa namna hii, uliopata umaarufu Tanzania kupitia watu kama Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, hauishii kwenye kugeuza maneno. Mfasiri hueleza, hutania, hutabiri, humpa mhusika jina la mtaani na humwonya adui anapokaribia. Kila nafasi isiyo na sauti ni nafasi yake ya kazi.

Si haki kuudharau ufasiri huo. Una ukoo wa heshima. Huku Buhaya mpiga enanga hukaa peke yake na chombo chake na kubeba masimulizi yote, sauti za wahusika wote na maoni juu yao, mbele ya hadhira inayomfahamu, kama utafiti wa M. M. Mulokozi juu ya tendi hizo ulivyoonyesha. Japani nayo, wakati wa sinema zisizo na sauti, ilikuwa na wasimulizi walioitwa benshi, waliopendwa kuliko hata waigizaji. Na Bergman mwenyewe hakukataa msimulizi, maana katika Persona sauti yake inasikika ikieleza jinsi wanawake wale walivyohamia nyumba ya baharini.

Hata hivyo, mbele ya barua ya Märta au uso wa Elisabet, mfasiri anayejaza kila nafasi anafanya kosa lilelile la mchungaji Tomas: anachukua zamu isiyo yake. Mpiga enanga hodari hafanyi hivyo, kwa sababu anajua mahali pa kuacha nyuzi ziseme. Tunapendekeza, basi, kwamba ufasiri wa filamu ufundishwe katika idara zetu kama taaluma yenye kanuni, na kwamba kanuni mojawapo iwe hii: kabla ya kusema katika kimya cha mhusika, mfasiri ajiulize kimya hicho ni cha nani na kinajibu nini. Kimya cha mandhari, mtu akitembea njiani, kinaweza kubeba maelezo. Kimya kinachokaa mahali pa jibu kiachwe.

7.0 Pingamizi

Yapo malalamiko ya haki dhidi ya Bergman, na yalianzia kwao. Mwaka 1962 mwongozaji na mhakiki Bo Widerberg alimlaumu kwa kuitazama dunia kwa mstari wa wima, kutoka kwa mtu hadi kwa Mungu, badala ya mstari wa mlalo kutoka kwa mtu hadi kwa mtu. Mhakiki wa Kitanzania aliyelelewa katika mjadala wa fani na maudhui baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 atauliza vilevile: mvuvi Persson anaishi kwa mapato gani, na nani ananufaika na hofu yake?

Swali hilo ni halali, lakini fasihi yetu wenyewe imekwisha kuonyesha kwamba mistari hiyo miwili hukutana. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe katika ziwa hilihili, alimfikisha mhusika wake Kazimoto kwenye kujiua katika Kichwamaji (1974), na baadaye katika Nagona (1990) na Mzingile (1991) aliandika nathari inayouliza maswali ya mwisho ya binadamu. Waliomhukumu Kezilahabi kuwa mwandishi wa kukata tamaa walilisikia jibu wasilolipenda wakadhani hakukuwa na swali. Katika Bergman mstari wa wima una ushahidi wake katika mlalo: kimya cha Mungu hatukioni popote isipokuwa kati ya mchungaji na mvuvi, kati ya dada na dada, kati ya muuguzi na mgonjwa.

8.0 Hitimisho

Makala yameonyesha mambo matatu. Kwanza, majina ya filamu za Bergman yanathibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kuifikia lugha ya asili bila kupitia Kiingereza, na mara nyingine kwa karibu zaidi. Pili, kimya katika filamu hizo ni kipashio cha mazungumzo, na tofauti ya kimya na ukimya katika Kiswahili inatusaidia kukieleza vizuri kuliko istilahi za kuazima. Tatu, ufasiri wa vibanda vya video ni sanaa yenye mizizi, inayohitaji kupata nadharia yake, na nadharia hiyo haiwezi kukamilika bila sura kuhusu kunyamaza.

Wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada wana kazi hapa. Bado inahitajika kurekodiwa na kunukuliwa lugha ya wafasiri wa filamu wa Kagera, kuhesabu nafasi wanazozijaza na zile wanazoziacha, na kulinganisha na enanga. Kazi hiyo isicheleweshwe. Mikanda ya zamani inaharibika na wafasiri wa kizazi cha kwanza wanapungua, na sauti isiyorekodiwa haitamjibu mtafiti atakayekuja baadaye kuuliza mbona kimya.